Mlango wa Namba Kumi na Tatu

Mtaa wa Mwangaza, Ua wa Nne,
Makadara.
12 Januari 2025

Kwa mama yangu Khalayi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa ua mzima. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya kama nilivyo mimi, ila goti la kulia, na hilo unazijua tabia zake. Anayekuletea ni Kamene wa namba saba. Kwa kuwa anasafisha jengo la ofisi yenu kila asubuhi, ameniahidi ataiweka mezani pako kabla hujafika, na kwamba hataisoma. Hilo la pili siliamini sana.

Umepiga simu mara nyingi tangu Mwaka Mpya. Haijaharibika, wala mimi sijafa. Nimeizima kwa mkono wangu. Mambo uliyoniletea mezani siku ile ya Mwaka Mpya si ya kuongelewa kwa simu. Nataka yaandikwe, yawe na tarehe, ili siku moja mtu asije akasema hakusema.

Ulisema ua wetu utabomolewa, hapa pasimame ghorofa nane. Nikasema sawa, hayo tumeyasikia tangu ukivaa nepi. Ndipo ukasema ramani inachorwa ofisini mwenu, na anayeichora ni wewe. Ukatoa ile picha yenye miti mirefu na watu wakitembeza mbwa. Khalayi, tangu lini Makadara kukawa na mtu wa kutembeza mbwa? Mbwa wa huku wanajitembeza wenyewe. Nilipaza sauti, najua. Uliondoka ukaacha ugali ukapoa, na hilo limeniuma kuliko ramani.

Fomu yao ya kukubali kuhama iko hapa chini ya cherehani. Wanataka sahihi kabla ya mwisho wa Machi. Wanasema asiyetia sahihi hatapata nyumba huko juu. Mimi sitii. Nimekaa namba tano miaka thelathini na minane. Wewe umekulia humu, na mama yako Roseline alianza safari yake ya mwisho kutoka humu.

Lakini sitaki useme baba yako ni mkaidi asiyeangalia. Niletee ramani yenyewe, ile yenye vipimo. Mimi ni fundi wa nguo, sikati kitambaa kwa kutazama picha ya harusi. Tena unijibu swali moja. Tangu utoke kwangu, nyumba uliyokaa muda mrefu kuliko zote ni ipi, na ulikaa muda gani?

Ni mimi baba yako,
Luseno


Roysambu,
26 Januari 2025

Mpendwa Baba,

Mulembe. Natumai hujambo, na goti limepata ile dawa ya kuchua niliyompa Kamene. Mimi niko salama, ila nimechoka na nimekasirika, na naona umri wangu unaniruhusu kukwambia.

Wewe unaupenda ua ule kwa sababu umesahau. Mimi sijasahau. Mvua ikinyesha nilikuwa nikienda chooni na karai kichwani, nikifika nakuta watu watatu wanangoja mbele yangu, kwa sababu choo kimoja kilikuwa cha nyumba kumi na nne. Na ukuta wa chumbani ulitoa jasho kila Aprili. Mama alikohoa miaka minne akiutazama ukuta huo. Unaniambia alisafirishwa kutoka humo kana kwamba ni sifa ya nyumba. Mimi naona nyumba ilimsaidia kuondoka.

Kwa hiyo ndiyo, naichora mimi. Maji ndani, choo ndani, jiko lenye dirisha. Ni ramani ya kwanza katika maisha yangu yenye jina langu kwenye kona. Nilidhani utalisoma jina hilo kabla ya kuwaona mbwa.

Swali lako: miezi kumi na sita, kule Kahawa. Nimekaa nyumba tano kwa miaka minne. Nilihama kwa mambo madogo madogo, mara maji, mara kelele, mara lifti. Hata hii ya sasa nimeingia Novemba. Siku hizi kila mtu anahama, Baba. Si ugonjwa.

Nimeambatisha ramani. Hiyo ni ghorofa ya tatu, na zote zinafanana. Chukua tepi yako upime upendavyo. Ukimaliza, tia sahihi uwashe simu.

Wako mtiifu kadiri inavyowezekana,
Khalayi


Ua wa Nne,
2 Machi 2025

Mama yangu Khalayi,

Mulembe muno. Hapa hatujambo. Mvua bado, vumbi tele. Mama Winny wa namba moja amepata miwani mipya, na sasa anaona mambo ambayo tulidhani tumeyaficha. Natumai unakula vizuri huko juu.

Nimekawia mwezi mzima, lakini sikununa. Nilikuwa kazini. Ramani yako ni ndogo, na macho yangu hayaamini kitu kidogo. Kwa hiyo nimefanya kama ninavyofanya suti. Nilikata paterni, mfano wa karatasi. Nilianza na karatasi za khaki, zikaisha nikiwa bado jikoni kwako. Jumapili baada ya ibada nikachukua chaki zangu na tepi, nikaichora ghorofa ya tatu chini, uani, kwa ukubwa wake halisi, kutoka kwenye mfereji wetu wa maji hadi mlangoni kwa Wehliye. Watu wakatoka kuniuliza kama nimeanza kurukwa na akili. Nikawaambia karibuni nyumba mpya, vueni viatu.

Wakaingia. Nitakwambia ukweli wote, hata usionifaa. Kamene alisimama ndani ya ule mstatili wa choo, akageuka huku na huku, akalia. Alisema, "Ndani ya nyumba, Baba Khalayi. Ndani kabisa." Jina lako lile kwenye kona nimelisoma pia, na nimelisoma mara nyingi. Umeandika vizuri.

Halafu tukatoka kwenye korido. Milango saba upande huu, saba upande ule, na hakuna unaotazamana na mwingine. Kila mlango umepewa kipande chake cha ukuta cha kutazama. Shirleen wa namba tisa alijaribu kukaa mlangoni kwake anavyokaa kila siku akichambua sukuma wiki. Akasema, "Mzae, hapa siwezi mcheki mtoi wangu akicheza nje. Nikifungua ni mimi na ukuta, nikifunga ni mimi na ukuta." Mama Winny akauliza kiti chake kitakaa wapi. Nikapima. Korido ni pana kama meza yangu ya kukatia, kiti kikikaa hakuna anayepita.

Tukafika kwenye ngazi, na hapo ndipo palipotutia baridi. Sylvance wa namba tatu, unajua anachotengeneza kule Gikomba. Vipimo vyake anavijua kichwani. Aliitazama ile kona ya ngazi muda mrefu, kisha akaenda kwake akaja na ubao wa futi sita na nusu kwa mbili. Hakuna aliyetaka kuuita jina lake. Tukaushika wanne, tukajaribu kuteremka ngazi zako za chaki. Ubao ulikataa kupinda kona. Tukauinua, tukaulaza ubavu, tukarudi nyuma. Ukakataa. Kwenye lifti haukuingia hata nusu.

Unakumbuka mama yako tulimleta kutoka mochari, akapumzika pale kando ya mfereji saa moja nzima, kila mlango ukamuaga kabla hajapanda gari la kwenda kuzikwa Kimilili. Kila marehemu wa ua huu amepita pale. Sasa niambie, wewe uliyechora. Mimi nitapita wapi?

Wasiotia sahihi leo ni tisa. Jumapili iliyopita tulikuwa wawili.

Baba yako,
Luseno


Roysambu,
9 Machi 2025

Baba,

Natumai uko salama. Mimi mzima.

Ngazi zile ziko sawa kwa kanuni. Nimezipima tena mara tatu. Na watu hawajengi nyumba kwa ajili ya kufa, wanajenga kwa ajili ya kuishi. Hivyo ndivyo nilivyokuandikia Jumatatu kwenye karatasi mbili, nikazichana. Sasa naandika upya.

Nilikudanganya. Nyumba ya nne sikuhama kwa sababu ya lifti kuharibika. Nilihama kwa sababu ilikuwa ikifanya kazi. Oktoba nilikuwa natoka kwenda kazini, milango ya lifti ikafunguka, ndani kuna wanaume watatu na wa nne wamemshika makwapani, amefunikwa shuka. Amesimama, Baba. Walikuwa wanamteremsha akiwa amesimama, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mmoja akaniambia samahani, sister, ngoja hiyo ingine. Nikangoja hiyo nyingine. Alikuwa mtu wa mlango wa pili kutoka kwangu. Nilikaa pale miezi kumi na moja na sikujua jina lake, na hadi leo silijui. Mwezi uliofuata nikahama, nikawaambia watu ni lifti.

Halafu nikaingia ofisini nikachora lifti ileile. Sikuiwaza. Nilifungua ramani ya mradi uliopita, nikanakili ngazi na lifti, nikabadilisha jina la mtaa. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi, sote.

Lakini usishangilie. Mimi siwezi kukurudisha kwenye choo cha nje. Machozi ya Kamene yana haki kama ubao wa Sylvance. Nataka kujua kinachofanya watu wakae huko, kwa vipimo, si kwa hadithi. Nipimie ua.

Khalayi


Ua wa Nne,
23 Machi 2025

Mama yangu,

Mulembe. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa. Pole sana. Ungeniambia Oktoba ningekuja na miguu yangu, goti lipende lisipende. Yule jirani yako tumemwombea Jumapili. Mchungaji aliuliza jina, tukasema Mungu analijua.

Vipimo hivi hapa, nyuma ya karatasi. Kutoka mlango wowote hadi mfereji hakuzidi hatua ishirini. Kutoka mlangoni kwangu naona milango kumi na moja bila kuinuka kwenye cherehani, na yote inaniona. Baraza ni pana, mtu anakaa, mwingine anapita, wa tatu anaanika.

Halafu nikafanya ulichosema, nikauliza kila mtu miaka aliyokaa hapa. Wehliye ishirini na sita. Mama Winny arobaini na mmoja. Sylvance kumi na tisa. Hata Shirleen, ambaye husema atahama kesho, ana miaka minane. Ndipo nikafika namba kumi na tatu na kumi na nne.

Unazikumbuka nyumba zile mbili za pembeni. Tangu nije hapa hakuna aliyemaliza miaka miwili humo. Tulisema zina mkosi. Tulimleta mchungaji akaombea kuta, baadaye Wehliye akamleta sheikh kutoka Majengo, na mwaka wa tisini na nane tulimfukuza paka mweusi asiye na hatia yoyote. Watu wakaendelea kuhama. Basi juzi nimesimama pale na tepi yangu, mzee mzima, nikacheka peke yangu hadi Mama Winny akaja na miwani yake. Khalayi, nyumba zile mbili ndizo pekee ambazo milango yake inatazama barabara. Paa ni lile lile, ukuta wa jasho ule ule, choo kile kile. Wakaao humo wamepewa mgongo wa ua. Mpangaji akitoka anatoka kwenda barabarani, akirudi anajifungia. Hatukuwahi hata kumpelekea mtu wa kumi na tatu uji wa matanga, kwa sababu hatukujua nani yuko. Miaka thelathini na minane tunakemea mapepo, kumbe ni mlango.

Sasa nimeelewa ninachokataa. Sikatai ghorofa. Wanipe ghorofa mia. Nakataa kupewa namba kumi na tatu mara mia na kumi na mbili.

Mkutano wa watu wa mradi ni Jumamosi katika ukumbi wa mtaa. Tutakuja na ubao.

Baba yako,
Luseno


Roysambu,
27 Machi 2025

Baba,

Natumai mko salama wote. Naandika haraka, nimkute Kamene ofisini kabla hajaondoka na ndoo yake.

Nimechora upya, siku tatu, nyumbani kwangu. Nyumba kumi kila ghorofa badala ya kumi na nne, zimezunguka ua mdogo ulio wazi juu, milango inatazamana, baraza inatosha kiti cha Mama Winny na mtu kupita. Choo ndani. Ngazi pana, ubao unapita bila kuinuliwa. Nimempelekea bosi. Aliitazama kwa heshima, akasema nyumba nne kila ghorofa ni nyingi mno kutupa kwa ajili ya viti. Akasema Jumamosi nitasimama mimi kuwaeleza watu ile ya kwanza, kwa kuwa nimezaliwa humo na watanisikiliza.

Kwa hiyo ukiniona mbele, usinizomee. Sijui bado nitakachosema. Na tafadhali washa simu, Baba, hata dakika kumi.

Khalayi


Ua wa Nne,
27 Aprili 2025

Kwa mama yangu Khalayi,

Salamu. Barua hii ameileta Shirleen hadi mlangoni kwako, kwa sababu Kamene ameniambia mezani pako sasa anakaa kijana mwingine, na hata kikombe chako hakipo. Umenyamaza mwezi mzima. Nimewasha simu, na sasa ni wewe uliyezima yako. Naona damu yangu haijapotea.

Siku ile ya mkutano uliondoka kabla sijafika mbele. Goti. Kwa hiyo hujui mambo mengi, maana ulikuwa umetupa mgongo ukibandika karatasi ukutani. Nitakwambia.

Uliposema, "Ramani hii nimeichora mimi, ina makosa, na makosa ni yangu," Mama Winny alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili akuone vizuri. Ulipobandika ile nyingine juu yake, bosi wako aliinuka, kisha akaketi, maana Sylvance alikuwa amekwisha kuchora ngazi zao kwa chaki sakafuni kule nyuma na sisi wanne tumeshika ubao. Tukashuka. Ukakwama. Tukangoja. Tukachora zako, tukashuka, ukapita. Hakuna aliyepiga makofi. Wehliye, aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi mtaa mzima, akaenda mezani kwao akasema, "Nipeni fomu yangu." Wakasema haiwezekani. Akavuta kiti, akakaa mbele yao, akaanza kuwauliza habari za watoto wao. Hadi alasiri wakampa. Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi nikilia bila aibu, na nataka ujue, kwa kuwa mambo haya nilisema yaandikwe.

Hatujashinda. Wamesema mradi utaangaliwa upya, na mimi najua maana ya maneno hayo. Wanaweza kuja kesho na tingatinga. Wewe umepoteza kazi, na mimi ndiye niliyekuchokoza. Nakuomba msamaha kwa ugali na kwa kila kitu kilichofuata.

Sasa sikiliza. Aliyekuwa namba kumi na tatu amehama baada ya miezi saba. Nimeandika jina langu kwa mwenye nyumba, akanipa funguo huku akinionea huruma. Wiki iliyopita mimi na Sylvance tumeubomoa ukuta wa nyuma, tukaziba mlango wa barabarani kwa matofali, tukaufungua upande wa uani. Hatukuomba ruhusa ya mtu. Nyumba wanayotaka kuibomoa, kwa nini nisianze mimi? Ule ukuta wa jasho Sylvance ameuchimba na kuupaka simiti yenye dawa, na paa nimelipanda mwenyewe, usinigombeze. Choo bado kiko nje. Hilo sina la kulitetea.

Funguo ziko kwa Kamene.

Baba yako,
Luseno


Ua wa Nne, Namba Kumi na Tatu,
18 Mei 2025

Mpendwa Baba,

Mulembe. Sikuulizi afya, nakuona. Umevaa ile sweta ya kahawia na unajifanya unatia uzi kwenye sindano ili usionekane ukitazama mlango wangu. Naandika kwa sababu ulisema mambo yawe na tarehe, na barua hii nitaileta mwenyewe. Ni hatua kumi na tisa.

Tangu niingie sijapika. Mama Winny ameleta maharagwe, Wehliye mkate, Shirleen amekuja kuniuliza mambo yote ya siri zangu bila hata kukaa. Juzi nilipokohoa mara mbili milango mitatu ilifunguka. Inachosha, Baba. Sikumbuki mara ya mwisho kuchoka hivi vizuri.

Kila asubuhi ninapanga foleni ya choo na karai kichwani, na kila asubuhi nakasirika, na nikirudi nachora. Meza yangu ni ule ubao. Sylvance ameutia miguu. Nimeanza kuchora nyua zote tisa za mtaa huu, na watu wa mtaa wa pili wameuliza kama nitawapimia na wao.

Leo mapema karatasi imepenyezwa chini ya kila mlango, na kwa kuwa sasa huu ni mlango, hata mimi nimepata. Ni fomu mpya. Nimeisoma na ramani yake yote, tena nimeisoma kama mtu wa kazi. Ngazi wamezipanua. Ubao utapita, wametusikia hapo. Lakini korido ni ileile, milango kumi na minne, kila mmoja na kipande chake cha ukuta. Wamekubali tufe kwa heshima. Bado hawajakubali tuishi.

Kwa hiyo sijatia sahihi. Nimeandika chini yake jina langu, namba ya nyumba, na neno hapana, na nimeacha nafasi ya jina lako na ya wengine kumi na wawili. Njoo na kalamu yako, hii yangu inaisha wino.

Januari uliniuliza nyumba ambayo nimekaa muda mrefu zaidi. Andika hapo kwenye karatasi zako: Namba kumi na tatu, siku kumi na moja. Usiache kuhesabu.

Binti yako, na mama yako, na jirani yako,
Khalayi